Shati Jeupe la Mwalimu Chanzu

1.
Jumanne ya tarehe tisa Mei, Mwalimu Chanzu alivua shati jeupe, akavaa la samawati. Akiwa mlangoni akamwambia mkewe, Kageha, "Mama Vugutsa, chai yangu ifunike."

Akaifunika.

2.
DAFTARI LA MAHUDHURIO YA WALIMU
Jumanne: Absent
Jumatano: Absent
Alhamisi: Absent
Halafu mstari mmoja, kwa rula, hadi chini ya ukurasa.

3.
Kituoni askari hakuinua uso.
"Jina?"
"Chanzu. Mwalimu wa Kiingereza."
Akaandika: Missing.
"Nenda nyumbani, mama. Tutakupigia."

4.
Maandalio ya somo, Kidato cha Pili, kwa mwandiko wake Chanzu:

Absent: hayupo alipotarajiwa. Weka alama, somo liendelee.
Missing: hayupo, na kuna mtu anayemtafuta.
Zoezi: tungeni sentensi mbili kuhusu

5.
Wewe unayesoma, umewahi kuacha kutafuta? Ulijuaje kwamba siku yenyewe ni leo?

6.
TANGAZO LA UKOO
Miaka saba imepita. Kwa desturi yetu, mgomba utazikwa badala ya mwili wa Mwalimu Chanzu, Jumamosi, saa nane mchana. Mjane atoe shati moja la marehemu la kuuvisha mgomba.

7.
Mjane.

8.
Jumatatu alikuja Kidiavai, mdogo wake Chanzu.
"Shemeji, nimefuata shati."
"Nimelifua. Bado bichi."

Jumatano:
"Bado bichi."

Alhamisi:
"Shati gani hili, Mama Vugutsa? Hata omena wangekuwa wamekauka."
Wanawake jikoni wakacheka. Kageha naye akacheka, kidogo.
"Ni mawingu, shemeji."
Bati lilikuwa linalia kwa jua.

9.
Jioni mama mkwe, Kavere, alikuja peke yake, akakaa kwenye kigoda.
"Sikuja kugombana. Wewe una shati. Mimi nina nini? Nipe mahali pa kuinama nilie, mwanangu, kabla sijazikwa mimi."

Kageha alifungua mdomo

10.
Akilitoa, hapatabaki mtu hata mmoja anayemtafuta Chanzu.
Akilizuia, kikongwe huyu atakufa bila kaburi la mwanawe.
Mlango wa tatu haupo. Ameutafuta.

11.
Ijumaa. Mgomba umekatwa, umelazwa sebuleni, urefu wa mtu. Kavere ameketi kando yake, anaufukuzia nzi.

Nje, shati jeupe liko kwenye kamba. Linachuruzika maji.