Diski za Kabati la Kufuli Mbili

Mke wangu hakuacha video wala sauti kwenye simu. Simu yetu enzi zile ilikuwa ya tochi tu. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu, kwenye baraza la ardhi, aliposimama kutoa ushahidi wa mpaka wetu na jirani. Karani alikuwa ameshaambiwa aache kuandika kwa mkono, kila neno linarekodiwa kwenye kompyuta. Mke wangu aliwachekesha mpaka mwenyekiti akavua miwani kuifuta. Haukupita muda akafariki, binti yetu akiwa bado wa kubebwa.

Binti sasa ni mkubwa, ndiye anayenipikia na kunigombeza. Siku moja akaniuliza, "Baba, hivi mama alikuwa anaongeaje?"

"Utamsikia mwenyewe," nikamjibu, kama mtu mwenye akili.

Tukaenda wote wawili. Masjala ya baraza, wanakotunza kumbukumbu, iko mwisho wa korido. Mlango unakwaruza kwa sababu sakafu imeinuliwa kuliko kizingiti. Mimi ni mwashi, naijua kazi ya mtu aliyepewa tenda na shemeji yake. Mkuu wa masjala tunamwita Bwana Mfumo. Umuulize nini, atakujibu mfumo: mfumo uko chini, mfumo umebadilishwa.

"Mzee wangu, kompyuta ya zamani ilipigwa mnada," akasema.

"Na sauti ya mke wangu mkamuuzia nani?"

"Hapana, mzee, tulihifadhi. Hapa kila mwisho wa mwezi tunanakili kwenye diski."

Akatuonyesha kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao yeye, mwingine mhasibu, na mhasibu yuko chai. Tukamsubiri. Lilipofunguliwa, diski zilikuwa zimepangwa kama mikate dukani, kila moja na muhuri na sahihi mbili. Binti akanishika mkono. Nikajisemea labda miaka yote nimewatukana hawa watu bure.

Dada wa kompyuta, aliyeajiriwa juzijuzi, akachomeka diski ya mwezi wetu. Kwenye kioo zikatokea alama ndogondogo, moja ina jina la kesi yetu. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza nyingine. Akachomeka diski ya mwezi mwingine, halafu nyingine tena, na kila mara mabega yake yanashuka.

"Bosi, nani alikuwa ananakili?"

"Sote, kwa zamu. Kwa utaratibu."

"Mlinakili hizi alama za kufungulia tu. Sauti zenyewe zilibaki ndani ya mashine."

"Haiwezekani. Si unaona zina muhuri?"

Dada akanigeukia mimi. "Baba, ni kama mtu amechora mlango ukutani. Mlango unauona, lakini chumba hakuna."

Nikauliza kama kuna mtu aliyewahi kuchomeka hata diski moja, asikilize. Bwana Mfumo akasema utaratibu unasema kuhifadhi, hausemi kufungua. Mhasibu akasema yeye ni wa ufunguo.

"Na aliyenunua ile mashine?" binti akauliza.

"Sauti zilifutwa zote kabla ya mnada, mama," akajibu Bwana Mfumo. " Agizo la juu. Usalama wa taarifa."

Watu hawa walipelekwa semina, wakala posho, vyeti vimetundikwa ukutani juu ya kabati lenyewe. Nilitafuta wa kumkaba koo nikamkosa. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake. Ndivyo wanavyotumaliza, kwa zamu na kwa utaratibu. Tulipokuwa tunatoka, Bwana Mfumo alikuwa anarudisha diski kabatini na kumwambia mhasibu afunge upande wake.

Nje, kwenye ngazi, binti akakaa.

"Basi niigizie wewe. Alisema nini wakacheka?"

Maneno ninayo. "Mwenyekiti, mpaka wetu haujasogea hata kidole, anayehama kila msimu ni jirani."

Ikatoka sauti yangu, na saruji yote niliyomeza tangu ujana. Nikajaribu kwa sauti ya juu. Mlinzi wa getini akageuka kutuangalia.

"Acha, baba," akasema binti. Kisha, "Niambie hili tu. Sauti yake ilikuwa nene au nyembamba?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta sina uhakika.

"Nyembamba," nikasema.