Tanbihi za Sura ya Tatu

Bi Herufi alikuwa amechapa maandishi ya watu kwa miaka thelathini na mitano. Alianza na mashine ya taipu, na sasa alikuwa na kompyuta mbili katika duka lake dogo mkabala na lango la chuo.

Asubuhi moja mdogo wake aliingia akiwa amekunja uso. Alikuwa mkunga, na alikuwa akimalizia tasnifu ya udaktari kuhusu wakunga wa zamani.

"Dada, profesa kanirudishia tena. Tanbihi zote mia mbili na kumi na nne zimerundikana mwisho wa kitabu. Anataka za kila sura zikae mwisho wa sura yake. Fundi wa kompyuta wa chuo kasema haiwezekani, labda nizihamishe moja moja."

"Haiwezekani kwake yeye," alisema Bi Herufi. "Vuta kiti."

Alifungua faili. Kila sura ilipoisha, alikata hati ili sura inayofuata iwe sehemu inayojitegemea. Kisha, kwenye mpangilio wa tanbihi, palipoandikwa "mwisho wa hati" akachagua "mwisho wa sehemu". Tanbihi zikatawanyika, kila moja ikaenda kwao.

Mkunga alipiga makofi. Lakini walipofika sura ya tatu, tanbihi kumi na mbili zilikuwa zimechomoza katikati ya sura, kabla ya jedwali.

Jedwali hilo lilikuwa pana, kwa hiyo ukurasa wake ulilazwa kwa ubavu. Kumbe ukurasa wa kulala nao ni sehemu! Sura moja ilikuwa imegeuka vipande vitatu: kabla ya jedwali, jedwali lenyewe, na baada yake.

"Basi tulitoe hilo jedwali," mkunga alisema kinyonge.

"Majina ya wakunga sabini uliyoyasaka miaka minne? Na bibi yetu yumo humo? Thubutu!"

Bi Herufi alisogeza miwani. Alipekua mpangilio wa kurasa, akarudi nyuma, akajaribu tena. Chai ilipoa mezani. Wateja wawili walichungulia, wakaambiwa warudi mchana. Mwishowe aliona kisanduku kidogo cha kuzuia tanbihi zisitokee katika sehemu fulani. Alikitia alama kwenye kipande cha kwanza, kisha kwenye ukurasa wa jedwali. Tanbihi zilizozuiwa hazikupotea. Zilisonga mbele hadi kipande cha tatu, zikajipanga chini ya mstari wa mwisho wa sura.

"Dada yangu wewe!" mkunga alipiga kelele, akamkumbatia mpaka miwani ikaenda upande.

Wiki iliyofuata walikwenda wote ofisini kwa profesa. Alifunua kurasa, akasimama kwenye sura ya tatu, akainua macho.

"Hii nimeihangaikia kwenye kitabu changu mwenyewe. Nani kakufanyia?"

"Dada yangu huyu hapa. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kabla sijaanza shule."

Profesa aliinuka kwenye kiti chake, akakigeuza kuelekea kwa Bi Herufi. "Karibu mama, ukae. Nionyeshe."

Bi Herufi aliketi, akanyoosha mgongo, akaishika kompyuta ya profesa kama yake. Mkunga alisimama ukutani, kifua mbele, akitamani ukoo mzima ungekuwa mlangoni.

"Polepole basi, mama," profesa alisema, akitafuta kalamu. "Naandika."

"Andika," alisema Bi Herufi. "Nami sirudii mara tatu."