Koti Lililokwenda na Mtani

Alhamisi ile Mwishehe alitoka nyumbani Mtoni kama kawaida yake, akapiga honi ya kuaga, na hakurudi. Moyo ulimsimama akiwa kwenye usukani, barabara ya Kilwa. Gari likaacha njia, likavamia meza ya vitumbua ya Rosalia na kumvunja mguu. Watu walipofungua mlango, dereva alikuwa ameshakata roho. Simu yake ilipotelea mikononi mwa waliokuja kusaidia. Ijumaa wakamzika, na Tunu mkewe akaingia eda.

Kilichomnyima raha Tunu si kukaa ndani. Eda aliiona kwa mama yake na kwa shangazi zake, aliijua. Kilichomnyima raha ni ule mguu. Kila baada ya siku chache Gaspar, mume wa Rosalia, alikuja akakaa barazani na kusema naye kupitia dirisha, taratibu, bila kupandisha sauti. Upole ule ulimchoma kuliko matusi.

"Dada Tunu, pole tena. Trafiki ametazama kwenye simu yake, bima ipo hai. Ila kampuni wanataka hati yenyewe na kadi ya gari. Mwezi ukiisha wanafunga faili. Na daktari anasema mguu bila kutiwa chuma hautashika."

"Nitazipata, kaka Gaspar. Mwambie Rosalia nitazipata."

Akaanza kutafuta. Chini ya godoro, juu ya kabati, ndani ya viatu, nyuma ya picha ya harusi. Alipomaliza alirudia palepale alipoanzia, kana kwamba karatasi zingeweza kurudi zenyewe alipogeuza mgongo. Chai ilipoa mezani. Akikaa anainuka, akiinuka hajui aendako, na nje hawezi kwenda. Wifi yake Rukaiya, aliyekuja kutoka Ubungo kukaa naye, alikwenda kituo cha polisi kulikagua gari. Kwenye dashibodi alikuta tasbihi na ganda la njugu.

"Kaka hawekagi kitu garini," Rukaiya alisema. "Anasema dashibodi ndiyo mlango wa kwanza wa mwizi."

"Basi anaweka wapi?"

Tunu aliuliza kama mtu anayemuuliza marehemu mwenyewe. Papo hapo akamwona mumewe akilini, kama kila Ijumaa, amesimama kizingitini, anajigonga kifuani kwa kiganja mara mbili kabla ya kwenda msikitini. Kumbe hakuwa akijikung'uta vumbi, alikuwa akipapasa mfuko wa koti. Tunu akakimbilia nyuma ya mlango wa chumbani. Msumari ulikuwa mtupu.

"Rukaiya, koti la Ijumaa liko wapi?"

"Si alilichukua mtani? Na wewe ulicheka huko ndani, nilikusikia."

Kweli alicheka. Siku ya kuanua matanga, Suleiman, Mnyamwezi wa Tabora, dereva mwenzake Mwishehe na mtani wa Wazaramo wote, aliingia uani amevaa koti lile, bega moja juu kama Mwishehe, anakohoa kikohozi cha marehemu. "Tunu, chai iko wapi? Huku nilikopelekwa hawapiki." Wanawake walilia kwa kicheko. Akazunguka akidai akombolewe: "Nani ananivua? Hata kuku mmoja? Wazaramo mna mikono mizito." Hakuna aliyemkomboa. Na koti lisilokombolewa mtani huondoka nalo. Ndivyo ilivyo, hakuna wa kulalamika.

Rukaiya akampigia simu huko Kimbiji anakobeba nazi.

"Koti la nani?" Suleiman akacheka. "Mwenye koti ni mie. Mnataka kuniibia mchana?"

Lakini kesho yake alikuja, koti mwilini. Akaketi sebuleni, Tunu akakaa chumbani, pazia katikati.

"Shemeji, nimekuja. Kuku yuko wapi?"

"Suleiman, mifuko uliipekua?"

Mtani akaacha mzaha.

"Mfuko wa marehemu niupekue mie? Utani una mwisho wake. Nikilivaa Ijumaa nasikia kitu kinachakarika kifuani. Nakiacha."

"Hebu nipe hicho kitu."

Mkono ukapita chini ya pazia na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi. Tunu akaufungua. Hati ya bima. Kadi ya gari. Na kopi zake, zimekunjwa ndani ya zile zenyewe.

"Kaka yangu jamani," Rukaiya akasema. "Kopi kaitia tumboni mwa mama yake. Mwizi angebeba ukoo mzima safari moja."

Tunu akacheka, kisha akaziba mdomo kwa upindo wa kanga na mabega yakaendelea kutikisika. Upande wa pili kilisikika kifungo kikifunguliwa, halafu kingine.

"Shemeji," Suleiman akasema, sauti imeshuka. "Ukilitaka, nalivua. Bila kuku."

"Livae," Tunu akasema. "Usilifungie sandukuni. Ijumaa ulivae."

Vifungo vikafungwa tena. Kuku hakumdai tena. Aliaga akiwa mlangoni, na Tunu akamsikia akikohoa mpaka kwenye kona, kikohozi chake mwenyewe, si cha Mwishehe.

Rukaiya akaenda kutoa kopi zaidi, na Gaspar akazipeleka kampuni pamoja na zile zenyewe kabla mwezi haujaisha. Zenyewe wamezikagua wakazirudisha, kopi wamezipokea, na mguu wamekubali kuulipia.

Hati na kadi sasa zimefungiwa kabatini kwa Tunu. Kopi moja iko kwa Rukaiya Ubungo, nyingine kwa Gaspar, na picha zimo katika simu zao wote watatu. Gari bado liko kituoni. Rosalia anatiwa chuma Jumatano.