Sentimita Thelathini za Daraja la Nne

Asubuhi ya Jumatatu mshona matanga alitandaza ramani ya mfereji juu ya meza ya jikoni, akabana pembe zake kwa kopo la sukari, viatu vya mumewe na pasi, akaanza kuhesabu madaraja upya. Yalikuwa saba. Alikuwa ameyahesabu mara nne tangu alfajiri na kila mara yalikuwa saba, lakini hakuacha kuhesabu. Mumewe, nahodha wa kukodiwa, alikuwa safarini tangu juzi na mashua ya watu, yenye mlingoti mrefu kuliko wowote uliowahi kupita humo. Njia hiyo ya ndani alimpangia yeye mwenyewe, kwa sababu bahari ya nje msimu huu ilikuwa mbaya na ilishamla mumewe vidole viwili. Alimwapisha: nje huendi. Naye nahodha, kichwa ngumu yule, aliapa kwamba hatakwenda, ila daraja likimkatalia atageuza na kutokea baharini, maana mashua ya watu lazima ifike.

La chini kuliko yote lilikuwa daraja la nne, mita kumi na tisa na nusu kutoka majini. Mlingoti, pamoja na antena, ulikuwa mita kumi na nane na sentimita sabini. Nafasi ilikuwepo tele. Hata hivyo akashika simu.

"Baba watoto, huo mlingoti ulipimia kuanzia wapi?"

"Pale unapoanzia tu. Sitahani."

"Na kutoka sitahani hadi majini?"

Akasikia maji yakipiga ubavu wa mashua, kisha futi kamba ikivutwa.

"Mita moja na sentimita kumi," akasema nahodha. "Lo!"

Jumla mita kumi na tisa na themanini. Daraja lilipelea sentimita thelathini. Mlingoti haungeshuka bila kreni, na kreni pekee ilikuwa ng'ambo ya daraja. Mshona matanga akampigia mlinzi wa daraja.

"Leo ni kumi na tisa na nusu," mlinzi akasema. "Jana ilipungua, malori ya mchanga yalipita kutwa, wakachoka. Wakiombwa vizuri huwa wanapandisha. Ila thelathini, dada, hawajawahi. Njoo uwaombe mwenyewe."

Waliotakiwa kuombwa walikuwa mafundi sita waliolijenga daraja hilo miaka kumi na miwili nyuma. Nondo zilipunjwa, zege likaporomoka likawafunika, na tangu siku hiyo walisimama chini ya nguzo ya kati, maji kifuani, nguzo na daraja lake mabegani. Kila mtu aliwaona. Abiria wa basi waliwapungia mkono. Ofisi ya madaraja iliandika kwamba ujenzi ulikamilika bila kifo hata kimoja, na kwamba mafundi sita walitoroka kazi siku ya Jumatano. Mmoja wao alikuwa kaka yake mshona matanga, aliyeitwa Kiroboto kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kumaliza sahani ya chakula akiwa amekaa.

Miaka yote hiyo mshona matanga alipita juu ya daraja macho mbele. Mama yao alikuwa na barua ya ofisi, yenye mhuri, na aliiamini: mwanawe ni mtoro. Aibu ilimfanya aache kwenda hata harusini. Mshona matanga hakuiamini barua, ila aliogopa kuchungulia. Aliogopa kutomkuta, na aliogopa zaidi kumkuta.

Alipanda basi, akafika saa sita kasoro.

"Wako ni yupi?" mlinzi akauliza, akimwongoza kwenye ngazi za kuteremkia majini.

"Kiroboto."

"Ah, wa tatu. Huyo anayetikisa mguu. Ndiyo maana magari yakipita upande huu yanatetema."

Akashuka hadi ngazi ya mwisho, maji yakamlowesha viatu. Kiroboto alikuwa na umri wake uleule wa siku ile, mdogo sasa kuliko dada yake. Alikuwa na mengi ya kusema, na mashua ilikwisha kuonekana kwenye kona.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umezeeka, wewe!"

"Mama anasema ulitoroka."

"Na mzigo huu ningemwachia nani?" Kiroboto akasema. "Haya, kimo?"

"Kumi na tisa na themanini."

"Shemeji alipimia sitahani?"

"Sitahani."

Wote sita wakacheka hadi daraja likacheza, na dereva wa lori huko juu akapiga honi kwa hasira. Kisha mkubwa wao akasema basi, jamani, tujikaze kisabuni. Wakavuta pumzi. Daraja likapanda. Baiskeli ya muuza mikate ikaserereka hadi ukingoni. Abiria wakashikilia viti kama kawaida. Mlinzi aliandika 19.60 kwenye kibao chake cha chaki, akafuta, akaandika 19.75, akafuta. Mshona matanga alikodolea macho kilele cha mlingoti. Antena ikagusa zege, ikapinda, ikapita.

"Ahsante, shemeji!" nahodha akapaza sauti.

"Pima kuanzia majini, mjinga wewe!" Kiroboto akajibu, mishipa ya shingo imemtoka.

Mshona matanga akakaa pale ngazini akalia. Alipomaliza kulia alimwambia kaka yake kwamba anakwenda kulifutisha lile neno la utoro, leo hii. Kiroboto akamwambia aende, angalau mama apate kutoka nje.

Ofisi ya madaraja ilikuwa ghorofa ya pili, dirisha lake likitazama mfereji. Karani wa masjala alimsikiliza, akainuka, akachungulia, akahesabu kwa kidole.

"Sita," akakubali. "Wa tatu anatikisa mguu."

"Ndiye kaka yangu."

"Sasa, dada yangu, humu wameandikwa watoro. Mtoro akitaka kurekebishiwa, anafika mwenyewe, anatia saini mbele yangu."

"Akitoka pale daraja litaanguka."

Karani alifikiri kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya.

"Na hilo nalo lingekuwa kosa," akasema. "Kuacha kazi bila ruhusa." Akafunga faili.

Wiki iliyofuata ofisi, iliyokuwa imejionea daraja lilivyopanda, ilituma mafundi wa rangi. Waling'oa kibao cha chaki wakafunga cha bati: MITA 20.00. Mshona matanga akampigia mlinzi.

"Kaka na wenzake wanakiweza kimo hicho?"

"Kibao ni cha bati," mlinzi akasema. "Hakifutiki."

Mshona matanga akaiandika 20.00 kwenye ramani, maana ndicho kimo kilichokuwepo. Jumamosi binti wa jirani aliolewa, na mama alibaki ndani na mlango umefungwa.

Jumapili nahodha mmoja asiyemfahamu akapiga simu. Mlingoti wake ulikuwa mita ishirini na sentimita kumi.

"Nasikia wewe una mtu pale daraja la nne," akasema.

"Ninaye," mshona matanga akajibu. "Lakini amechoka."

"Ni sentimita kumi tu," nahodha akasema, akauliza kama Alhamisi itafaa.