Herufi Yenye Paa

Jumanne saa tatu asubuhi, huko Mkonze, Harithi, mchora mabango, alipanda ngazi akaanza kuandika kwenye bango jipya kwa rangi nyeusi: Hapa patajengwa maegesho ya magari. Kila herufi ilikuwa kubwa kuliko mlango. Chini ya bango, juu ya kifusi cha tembe lake, nyumba ya udongo iliyobomolewa, alikaa Bibi Penina na godoro, sufuria mbili na jembe. Alikuwa amechoka hata hawezi kulia.

Tembe lake halikuandikwa popote kabla ya kubomolewa. Wapimaji wa ardhi walirusha droni, ikapiga picha kutoka juu. Paa la tembe ni udongo, tena bapa, kwa hiyo kwenye picha likaonekana ardhi tu. Wakajaza kwenye fomu: eneo tupu. Majirani wenye paa za mabati walionekana, wakapewa viwanja kwingine. Miaka arobaini mtu anaishi mahali, halafu anaambiwa hajawahi kuwapo. Inachosha.

Harithi alikuwa mtu wa kuongea akiwa kazini.

"Ofisi inataka herufi za Helvetica tu, bibi. Ilitengenezwa Uswisi mwaka hamsini na saba. Haina vikucha vya mapambo kwenye ncha, unene wake karibu ni uleule kila mahali, ncha zimekatwa bapa. Walitaka herufi isiyoegemea upande wowote."

"Na hiyo yenye tumbo?"

"Hiyo ni a. Tumbo chini, paa juu."

Bibi Penina aliitazama kwa muda.

"Ya kwanza imekauka?"

"Imekauka."

Ilikuwa a ya neno Hapa, na ilisimama palepale ulipokuwa mlango wake. Harithi akashuka, akamshikia ngazi. Bibi aliingilia chini ya ncha iliyokatwa bapa, akatandika godoro chini ya paa, sufuria akaziweka tumboni. Alipomaliza bango, Harithi alimwachia ngazi, akaenda zake mtaa wa Ipagala kula.

Kufikia Ijumaa a zote tisa zilikuwa na watu, wote wa matembe yaliyobomolewa. Mmoja wao, Restuta, na wanawe walichukua mbili za patajengwa. Herufi e hakuna aliyeitaka, mlango wake mwembamba mno, godoro halipiti.

Mwezi uliofuata alikuja Joshua, afisa wa ardhi, kuhakiki eneo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unaniona?"

"Nakuona, bibi."

"Basi niandike."

Joshua akarusha droni. Ilipotua alimwonyesha picha: ardhi nyekundu, na katikati mstari mwembamba. Bango likitazamwa kutoka juu ni mstari tu.

"Nisamehe, bibi. Mfumo haupokei ninachokiona mimi. Unapokea picha."

Aliona aibu, na ilikuwa aibu ya kweli. Bibi Penina hakumgombeza. Alimuuliza kama amekunywa chai.

"Bado, bibi."

"Ngazi hiyo hapo."

Joshua akajaza: eneo tupu. Kisha akavua viatu, akapanda kunywa chai.