Kikapu cha Yeshi

Mtu anayekubali kila kitu, mchunge. Wubit aliyajua hayo tangu alipoolewa.

Walikuwa wanawake watatu wenye kinu kimoja cha berbere, pilipili ya kusaga yenye viungo, pale soko la Merkato mjini Addis Ababa. Mulu alishika fedha, Wubit akasimamia kinu, na Yeshi ndiye aliyekuwa pua: ananusa, anaongeza iliki, ananusa tena, na wateja wanarudi. Sasa miezi ilikuwa inapita, Yeshi hagusi kitu. "Changanyeni nyinyi, si mnajua?" Akiulizwa neno kikaoni, "Mtakavyoamua." Na kila Jumatano anatoka mapema na kikapu kilichofunikwa kitambaa, kama kuku anayekwenda kutagia kwa jirani.

Mtaa wa pili, Ayele alikuwa amefungua kinu kipya. Wubit akajumlisha mwenyewe: siri ya mchanganyiko inauzwa!

"Leo tunamtoa," alimnong'oneza Mulu.

"Bila ushahidi?"

"Ushahidi utakuja akianza kujitetea."

Kikao kilipoanza, Wubit alikaa kigodani akikaanga buni. Mkono ulikuwa kwenye kikaango, macho kwenye kikapu miguuni pa Yeshi. Kitambaa kimetuna. Mna nini mle? Akakodoa, akakodoa, hata buni zikawa makaa.

Lakini desturi ni desturi. Kikaango lazima kizungushwe, kila mtu auvute moshi kwa kiganja na kusifu. Akaanza na Yeshi, aliyekuwa akitazama dirishani. Yeshi akauvuta moshi, akafumba macho.

"Aa, mikono yako ibarikiwe. Harufu tamu!"

Mulu alipofikiwa alikohoa mpaka mtandio ukadondoka. "Wubit we! Umetukaangia kwato za punda?"

Wubit akamgeukia Yeshi. "Kumbe unanidhihaki, bibi?"

"Kwa lipi?"

"Tazama kikaangoni!"

Yeshi akatazama. Uso ukamsawajika.

"Na humu mna nini?" Wubit akakivuta kitambaa, adabu baadaye. Chupa tupu na mshumaa.

"Za maji ya baraka," Yeshi akasema taratibu. "Jumatano napanda mlima Entoto, kanisani. Tangu ile homa iliyonilaza, sinusi kitu. Ningewaambiaje? Mlinichukua kwa pua yangu."

Mulu akamtazama Wubit. "Haya, mtoe basi."

"Nilisema tumtoe nje apunge upepo! Huuoni moshi huu?"

Yeshi akacheka, akalia, akacheka tena.

"Kesho unakaa kando yangu," Wubit akamwambia. "Mimi ninuse, wewe uniambie ninuse nini. Pua ninayo, ila haijasoma."

"Mtaniweza?"

"Tutakuweza. Lakini Yeshi... Ayele hujamwambia kitu, eti?"

"Wubit!"

"Nauliza tu."

Akazimwaga zile buni, akaosha nyingine, akaanza upya kukaanga. Safari hii macho yalikuwa kwenye kikaango. Angalau moja.