Imba, Rahila

Vumbi la ndimu kavu lilikuwa likimwingia Ishaq machoni tangu asubuhi. Ndani ya ghala la Matrah, bandari ya Maskati, walikuwa wakizichambua ndimu na kuzitia magunia, na kila jasho liliposhuka, liliuchukua ule ukali na kuuteremsha mpaka kwenye midomo iliyopasuka. Hakujipangusa. Anayejipangusa huzidi kujichoma. Hilo alilijua mapema, mwaka wa sitini na nne, alipoteremshwa hapa na kanzu moja mwilini baada ya kufukuzwa Unguja.

Huko Unguja hakubeba gunia. Alitunga nyimbo. Mabaharia walikuwa wakileta sahani za santuri za Kikuba, naye alizisikiliza mpaka sindano ikalika, kisha akatunga rumba na bolero zake mwenyewe kwa Kiswahili. Akatafuta waimbaji, akapanga magitaa, akasimama kando ya mashine ya kurekodia na kidole juu, na hapana aliyethubutu kukohoa. Vijana wa Mombasa na Dar es Salaam walizicheza nyimbo zake bila ya kumjua sura. Hapa Maskati muziki ulikuwa marufuku. Mtu alifungwa kwa gitaa.

Basi Ghanim, mwenye ghala, alipomwita chumba cha ndani na kumfunulia gitaa na mashine ya tepu, vyote vimeingia mjini ndani ya marobota ya nguo, Ishaq alivisogelea kama mwenye njaa anavyosogelea sahani ya wali.

"Nyimbo zitapigwa sahani Kuwait," alisema Ghanim. "Watu wenu wamejaa huko, wanalilia vya kwao. Tafuta sauti."

Sauti alikuwa nayo. Rahila, binti wa mama yake mdogo, alikuwa mjane aliyeshona kofia pembeni ya kitanda cha mama yake, Bi Masouda, ambaye miguu haikumbeba tena.

"Kaka Ishaq, nnaogopa," alisema Rahila. "Wakinijua je?"

"Jina lako halitotajwa. Wallahi."

"Na mama?"

"Si kwa ajili yake huyo nnakwambia? Atapata dawa."

Alisema hivyo, na papo hapo akajua kwamba hizo dawa hakuwa amezifikiria mpaka zilipomtoka mdomoni.

Walirekodi adhuhuri, mji ulipolala kwa joto, magodoro yameegemezwa milangoni. Ishaq alipiga gitaa. Rahila aliimba huku akitikisa kopo la maziwa lenye ndimu kavu ndani, ndiyo kayamba yao. Mara ya kwanza aliimba sawasawa, kila neno mahali pake. Mara ya pili alifumba macho, na sauti ikaenda pahala ambapo Ishaq hakumfundisha. Raha ilimkamata. Akapiga ukelele, kama walivyozoea kwenye bendi:

"Imba, Rahila!"

Naye Rahila akacheka katikati ya neno, akapanda juu zaidi, akaumaliza wimbo.

"Umenitaja," alisema, kopo limemganda mkononi.

"Nitaifuta hii. Tunayo ile ya kwanza."

Rahila alipoondoka, Ishaq alizisikiliza zote mbili. Ile ya kwanza ilikuwa maiti. Alikaa nazo mpaka muadhini wa alasiri akaadhini, kisha akampa Ghanim ya pili.

Sahani ilirudi Maskati ndani ya sanduku la msafiri, ikakamatwa bandarini. Ishaq aliitwa kwa Bwana Aflah, mkuu wa wanaowasaka wenye muziki. Hakushtuka, alikuwa akiitwa mara kwa mara kuwafasiria watu wa Unguja wasiojua Kiarabu. Aliposhtuka ni alipoingia. Juu ya meza palikuwa na gramafoni. Ghanim alikaa karibu na Aflah, kikombe cha kahawa mkononi. Alikwisha kula kiapo kwamba sahani haijui, ila sauti anaitambua kuwa ni ya Rahila. Nyuma ya pazia ilionekana miguu ya mwanamke.

"Usiongeze wala usipunguze," alisema Aflah, akaweka sindano.

Ishaq akaufasiri wimbo wake mwenyewe. "Nifungulie mlango, jua linaniunguza kichwa."

"Mlango gani?"

"Wa nyumba, sheikh."

Ukelele ulipotoka, Aflah aliinyanyua sindano. "Huyu mwanamume ni nani? Muulize."

Ishaq aliligeukia pazia. "Rahila, anauliza nani aliyekuita."

"Mwambie amekufa. Alifia Unguja."

"Anasema amekufa. Alifia Zinjibar."

Ghanim alikunywa kahawa.

"Ana walii hapa, au mwanamume yeyote wa jamaa zake? Akiwapo atamchukua nyumbani, kisha yeye ndiye atakayejibu badala yake."

Ishaq alilifasiri swali. Pazia halikutikisika. Alimsikia Rahila akivuta pumzi na kuizuia, na akajua kwamba anayesubiriwa kujibu ni yeye.

"Anasema hana," alisema Ishaq.

Rahila hakuwa amefumbua mdomo.

Iliamriwa Rahila apelekwe bara ya Omani, kwa ami yake mzee ambaye hajapata kumwona, na asikanyage tena pwani. Alipakiwa kwenye lori baina ya magunia ya mchele. Kwa mama yake hakupitishwa.

Bi Masouda alimshika Ishaq mkono. "Afadhali ulikuwapo wewe mle ndani, mwanangu. Angalau alisikia lugha ya kwao. Mungu akulipe."

Ishaq alifungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa: "Umekula?"

Aflah alimwita tena. "Ghalani hutorudi tena. Wewe mtu mwaminifu. Pana sanduku zima la sahani za Kiswahili. Utusikilizie, utwambie kila anayeimba ni nani na yuko wapi."

Chumba kilikuwa na kivuli, na mtungi wa maji ya baridi. Ishaq alitoa sahani ya kwanza, akaipuliza, akaifuta kwa pindo la kanzu, taratibu, kwa kuizungusha, vidole vikiishika ukingoni tu. Akateremsha sindano. Gitaa la pili lilikuwa limepigwa chini kidogo, vizuri sana. Mwanamke akaanza kuimba, na Ishaq akamtambua kabla ya mstari wa kwanza kwisha: Nasriya, aliyekaa mtaa wa pili hapa hapa Matrah na watoto wake.

"Nani huyu?" aliuliza Aflah.

Ishaq akainama, akasogeza sikio.